Mashine ya Upepo na Sikio la Mwenye Nyumba

Mtu anayepoteza usikivu kwa kelele za kazini aghalabu si wa kwanza kulijua jambo hilo. Wa kwanza ni mkewe. Huanza kwa kulaumiwa kwamba anasema ndani ya meno. Kisha redio hupandishwa sauti, mpaka jirani asikie taarifa ya habari bila ya kutoka kwake. Mtoto akija kusema kwamba mgeni amefika, baba husikia "ameshika", akauliza ameshika nini, na watu wakacheka. Miaka ikipita, kicheko hugeuka ugomvi, na baba huacha kukaa barazani na wenziwe kwa kuwa hayafuati tena mazungumzo. Twawaandikia mama zetu na dada zetu habari hii kwa sababu wao ndio wawezao kuitambua mapema, ingali yazuilika. Maana kuponyeka, haiponyeki.

Fikra hii ilitujia Kakamega, mji ulioko kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Kisumu. Wengi wetu wa pwani tuna jamaa upande ule, kwani Mumias, ambako misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilifika na dini ikashika mizizi tangu karne ya 19, imo katika kaunti hiyo hiyo. Mabanda ya jua kali ni mengi: waziba pancha, wapuliza rangi za magari, waosha magari. Karibu kila banda lina kompresa, au kama wasemavyo wengi, mashine ya upepo: tangi la chuma, na juu yake mota na pistoni inayoshindilia hewa. Wala nguvu ya upepo si ngeni huko. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931 na mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi 1952, drili za migodi ya zama zile ziliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kompresa ya pistoni, kwa anayesimama kando yake, mara nyingi huwa kati ya 80 na 95. Msomaji asidhani kwamba tofauti hiyo ni ndogo, kwani kipimo hiki hakiendi kama kilo za sukari: kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa imezidi maradufu. Kwa hivyo wataalamu husema kwamba saa 8 katika desibeli 85 ni sawa na saa 4 katika 88, na saa 2 tu katika 91. Ndani ya sikio mna seli zenye vinywele vidogo mno, zipatazo 15,000 kila upande, nazo zikifa hazioti tena. Za mwanzo kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba: herufi s, f na sh, na sauti za wanawake na watoto. Ndiyo maana mume huyo humsikia vyema mwanamume mwenziwe mwenye sauti nzito, na mkewe akadhani kwamba yeye anapuuzwa.

Basi dawa ni kuipunguza kelele pale inapozaliwa, na jambo hili lahitaji akili zaidi kuliko fedha. Sehemu yenye makelele makubwa kwa kawaida ni ule mdomo unaovuta hewa. Pistoni ikivuta, hewa hupigwa mapigo, na mapigo hayo ndiyo yale tunayoyasikia yakigonga. Mdomo huo ukifungwa kizuizi cha sauti chenye chujio, au ukaunganishwa na mpira mpana unaovuta hewa safi kutoka nje ya banda, mbali na watu, kelele hupungua kwa kiasi cha kuonekana. La pili ni mtikisiko. Mashine iliyowekwa juu ya mbao au kugusana na ukuta wa mabati huligeuza banda zima kuwa ngoma. Iwekwe juu ya saruji, chini yake vipande vinene vya mpira, na bomba la kwanza liwe la mpira, si la chuma. Kisha kuna ule mlio wa upepo unaovuja kwenye viungo. Maji ya sabuni yakipakwa hutoa mapovu penye tundu. Na fundi anayeziba matundu hupata faida mbili, kwani mota haiwaki mara kwa mara na bili ya umeme hushuka.

Walio na nafasi na waihamishe mashine iwe nje, katika kijumba cha matofali. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidishwa mara mbili kelele hupungua desibeli 6 hivi. Lakini asije mtu akaifunika kwa blanketi au godoro. Mashine hii hutoa joto kali, nayo isipopumua huungua, na pengine ikaunguza na banda. Kijumba lazima kiwe na njia za hewa, zielekezwe upande usio na watu. Na anayenunua mpya aulize desibeli zake kabla ya kuuliza bei. Zile za skrubu huwa tulivu kuliko za pistoni, ingawa ni ghali.

Vizibo vya masikio tumeviacha nyuma kwa makusudi, kwani vyaja baada ya hayo yote. Pamba ya kawaida haifai kitu, na vipaza sauti vya simu vinaongeza kelele juu ya kelele. Kizibo cha sponji husokotwa kikawa chembamba, sikio likavutwa juu, kikaingizwa na kushikiliwa mpaka kijae.

Sheria nayo ipo. Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8, na zinamtaka mwenye kazi awe na mpango wa kuhifadhi usikivu zikipita 85. Kelele inayotoka nje ya mahali pa kazi isizidi 55 mchana na 45 usiku. Hizo 55 twaomba zisomwe mara mbili, kwa kuwa kando ya mabanda hayo huketi akina mama wanaouza chai na mahamri, na wengine wana watoto wachanga mgongoni. Mtoto huyo hakuajiriwa na mtu, wala hakuna atakayempa kizibo. Mama ana haki ya kumwendea fundi kwa adabu amsogezee mashine upande wa pili, au yeye mwenyewe ahamishe meza yake.

Kwa mume ambaye dalili tulizozitaja zimemdhihirikia, au anayesikia mvumo masikioni akilala, kipimo cha usikivu hufanywa katika hospitali kubwa zenye kliniki ya masikio. Aende asubuhi kabla ya kuingia kazini, masikio yakiwa yamepumzika usiku kucha, na mkewe afuatane naye, kwani maswali mengi ya daktari yeye ndiye atakayeyajua majibu yake.