Soma Namba, Lenga Mapafu, Ndipo Ufyatue



Katika vijiji vyetu vya wilaya ya Mkinga, kama vile Horohoro, Duga na Mwakijembe, shamba na pori ni majirani. Usiku nguruwe mwitu hufukua mihogo. Alfajiri funo na mbawala hutoka vichakani kutafuta majani mabichi. Baadhi yetu wana bunduki na wanajua kufyatua. Lakini kufyatua si kuwinda. Mwindaji hasa ni yule ambaye mnyama wake huanguka upesi, karibu, bila kuteswa.

Mnyama akijeruhiwa akakimbia, tunapata hasara. Yeye anateseka siku mbili tatu. Nyama inaoza porini. Tena huku pwani wengi wetu hatuli mnyama ambaye hatukumwahi kumchinja. Akifia kichakani ni nyamafu, hana faida kwa mtu. Na sisi wa Horohoro tuna hasara nyingine, nayo ni mpaka. Tutaieleza mbele.

KWANZA, KARATASI

Bunduki yoyote, hata gobore la babu, lazima iwe na leseni. Hiyo ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuwinda nako kunataka kibali chake. Hiyo ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni ya bunduki siyo kibali cha kuwinda. Hivi ni vitu viwili.

Kibali kisome mwenyewe, neno kwa neno. Kinataja mnyama gani, wangapi, wapi na lini. Kama hujaelewa, mwulize Afisa Wanyamapori, yule ambaye wazee humwita Bwana Nyama. Mwulize pia mnyama huyo anaruhusiwa kuwindwa kwa bunduki ya aina gani. Sheria inakataza kuwinda usiku, kuwinda kwa kummulika mnyama taa, kutumia sumu, na kumwinda jike mwenye mimba au mwenye mtoto.

SOMA NAMBA ZA BUNDUKI

Hapa kisomo chako kinaweza kuokoa macho yako na mikono yako. Bunduki nyingi za kiwandani zina namba kwenye mtutu. Risasi nyingi zina namba kwenye kitako cha ganda. Namba hizo lazima zilingane. Zisipolingana, usiipachike.

Shotigani, yaani bunduki ya marisawa, huwa na namba kama 12, 16 au 20. Watu wengi hudhani 20 ni kubwa kuliko 12. Sivyo! Hesabu hii ni ya zamani. Wazungu waliuliza hivi: ratili moja ya risasi hutoa magololi mangapi yanayoenea katika mtutu? Yakiwa 12, kila gololi ni kubwa. Yakiwa 20, kila gololi ni dogo. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo.

Sasa angalia hatari yake. Mtu anatia ganda la 20 katika bunduki ya 12. Ganda linateleza na kukwama ndani ya mtutu. Yeye haoni kitu, anadhani bunduki ni tupu. Anapachika ganda la 12 na kufyatua. Mtutu unapasuka mkononi mwake. Ndiyo maana viwanda vingi hutengeneza ganda la 20 kwa rangi ya njano, ili lijulikane kwa macho.

Raifoli, yaani bunduki ya risasi moja moja, ni kinyume. Hapa namba ikiwa kubwa, risasi ni nene. Risasi ya 22 ina unene usiofika milimita 6. Ya 375 inapita kidogo milimita 9 na nusu. Iko pia iitwayo 30-06. Hiyo 06 ni mwaka 1906, wakati jeshi la Marekani lilipoanza kuitumia.

BUNDUKI GANI KWA MNYAMA GANI?

Usichague bunduki kwa sababu ina kishindo. Chagua kwa kumtazama mnyama. Funo ana kilo kama 12 hivi. Dume la mbawala linaweza kuzidi kilo 50. Pofu dume anaweza kupita kilo 600. Hawa hawawezi kuwa na risasi moja.

Risasi ya 22 ni ya ndege na wanyama wadogo. Ukimpiga nayo mbawala, utamjeruhi tu.

Shotigani ina nguvu karibu. Kwa marisawa makubwa, usizidi hatua 30. Mbali zaidi marisawa hutawanyika. Moja linaingia tumboni, jingine mguuni, na mnyama anakwenda zake.

Kwa mbawala, raifoli ya milimita 7 au ya 30-06 inafaa sana. Tumia risasi ya ncha laini. Hiyo hutanuka ndani ya mwili na kuua upesi. Risasi ya ncha ngumu inaweza kupenya tu na kutokea upande wa pili.

Bunduki nzito mno nayo ina ubaya wake. Ikikupiga teke begani, utaanza kuiogopa. Ukiiogopa, utafumba macho. Ukifumba macho, utakosa.

MAHALI PA KULENGA

Mngoje mnyama asimame, akupe ubavu. Tazama mguu wake wa mbele. Panda kwa macho nyuma tu ya mguu huo, kutoka chini ya kifua. Ukifika theluthi moja ya kimo cha kifua, simama. Hapo ndani pana mapafu na moyo. Lenga hapo.

Akiwa amekupa ubavu huku anaelekea mbele, usiangalie mahali risasi itakapoingia tu. Fikiri itakwenda wapi. Lenga ili ipite kifuani na kuelekea mguu wa mbele wa upande wa pili.

Egemeza bunduki kwenye mti au kwenye fimbo. Shusha pumzi. Bonyeza kifyatulio polepole. Kwa raifoli isiyo na darubini, hatua 100 zinatosha. Karibu zaidi ni bora zaidi.

USIFYATUE IKIWA

1. Mnyama anakimbia, au amekupa matako.
2. Unaona kichwa tu. Shabaha yake ni ndogo, na ukikosa kidogo unavunja taya. Atakufa kwa njaa.
3. Umesikia majani tu. Huenda ni mama anaokota kuni, au mtoto anachunga mbuzi.
4. Hujui nyuma ya mnyama kuna nini. Risasi ya raifoli inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3.

Kuacha kufyatua si aibu. Mnyama aliyekwenda mzima utamkuta kesho.

BAADA YA KUFYATUA

Pachika risasi nyingine. Akianguka machoni pako, mwendee kwa upande wa mgongo, mbali na pembe na kwato. Hakikisha hawezi kuinuka. Ndipo uwahi kuchinja.

Akitoweka, usimkimbilie. Weka alama mahali alipokuwa, kisha soma damu. Damu ya kung'aa yenye mapovu ni ya mapafu. Huyo hayuko mbali, ngoja kama nusu saa. Damu nyeusi nyeusi ni ya ini. Damu yenye majani yaliyosagwa ni ya tumbo. Huyo mwache saa kadhaa. Ukimfuata mapema atainuka, na hutamwona tena.

Sasa ile hasara ya mpaka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria yake ya mwaka 2013 bado inaukataza. Mbawala akikimbilia upande wa Lunga Lunga, huwezi kumfuata na bunduki yako. Ni hivyo hivyo katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambako uwindaji hauruhusiwi. Toa taarifa kwa Bwana Nyama. Lakini bora zaidi, ukiwa karibu na mpaka, usifyatue kabisa kama huna hakika ya kumwangusha hapo hapo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kati ya shotigani ya 12 na ya 20, ipi ina tundu kubwa? Kwa nini?
2. Mnyama amesimama, lakini nyuma yake kuna njia ya kisimani. Utafanya nini?
3. Chora mbawala chini kwa kijiti. Mwonyeshe mwenzako mahali pa kulenga.