Majani Yapukutikapo Wamunyu

Huko Ulaya na Marekani, baridi ikaribiapo, watu huingia misituni na mbwa wao kutazama majani yakigeuka rangi. Wamunyu nako, kwenye njia ya Machakos kwenda Kitui, majani hupukutika, lakini sababu si baridi, ni ukame. Baina ya masika na vuli miti mingi huyaangusha ili isipoteze maji.

Atakaye kutembea huko siku moja, na apange Agosti au Septemba. Aondoke mapema kabla jua halijawa kali, na maji ya kunywa na ya udhu achukue yake. Huo ndio mji wa Mutisya Munge, aliyeleta ufundi wa kuchonga kutoka Tanganyika baada ya vita vya 1914–1918. Muhugu wa kuchongea sasa ni adimu. Basi mti uliosimama usivunjwe hata tawi.

Liko suala la mbwa. Mwenyeji akitoka na mbwa wake, mgeni atamwambiaje awafunge? Sisi Mashafii tusitaharuki. Suratul Kahf yamtaja mbwa wa watu wa pangoni, na Suratul Maida yahalalisha windo la mbwa aliyefunzwa. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hainajisiki. Rutuba na mate yake ndiyo yatakayo kuoshwa mara saba, moja kwa udongo.

Basi chukua kikoi cha pili, mwombe mwenyeji mbwa watangulie, nawe ufuate nyuma ukitazama majani. Tohara na adabu ya ugeni hazigombani.