ANAKULA, LAKINI ANAKONDA
Namna kansere inavyoiba nguvu za mwili



Mara ngapi tumesikia maneno haya, kule Baraka kando ya ziwa ao juu milimani Fizi: «Baba anakula bugali na ndakala, lakini suruali inamwanguka. Hakika amelishwa sumu»? Jamaa wanaanza kumshuku jirani. Pesa zinakwisha kwa wale wanaojidai kutapisha sumu. Miezi inapita. Siku mgonjwa anapofikishwa kwa munganga, amebaki mifupa.

Leo tumtazame adui mmoja anayekondesha mtu bila jirani yeyote kutia mkono: kansere, yaani uvimbe mbaya unaokua ndani ya mwili.

MASHINI INAYOKULA MAZUTU BURE

Wachimbaji wa dhahabu wa Misisi wanaijua mashini ya kuvuta maji shimoni. Mashini mbovu inakunywa mazutu mengi, inatoa moshi mwingi, na kazi yake ni ndogo. Chembe za kansere zinafanana nayo.

Chembe nzima ya mwili, ikipata hewa ya kutosha, inaunguza sukari ya damu mpaka mwisho. Katika punje moja ndogo kabisa ya sukari hiyo inapata vipimo karibu 30 vya nguvu. Lakini chembe nyingi za kansere zinaiunguza sukari nusu-nusu, hata hewa ikiwepo. Kwa njia hiyo zinapata vipimo 2 tu, kisha zinatupa mabaki yanayoitwa laktati. Basi zinavuta sukari nyingi sana. Mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliliona jambo hilo katika miaka ya 1920.

Na laktati inakwenda wapi? Inafika kwenye ini, nalo linaigeuza kuwa sukari tena. Kazi hiyo inagharimu vipimo 6. Fanya hesabu: uvimbe umepata 2, ini limelipa 6. Kila mzunguko mwili unapoteza 4, na sukari ile inarudi katika damu ili uvimbe uikamate tena. Ni kama kuchoma bidoni sita za mazutu ili kupata dhahabu ya bei ya bidoni mbili. Mzunguko huu unaitwa kwa jina la Carl na Gerty Cori, bwana na bibi waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

SI NJAA YA KAWAIDA

Wizi wa sukari si yote. Uvimbe, pamoja na chembe za mwili zinazopigana nao, unaleta katika damu vitu vinavyofika mbali. Vikifika kwenye ubongo, hamu ya chakula inapotea. Vikifika kwenye mafuta na misuli, vinaviyeyusha.

Hapo ndipo tofauti na njaa. Mwili wa mtu mwenye njaa unapunguza matumizi, unachoma mafuta na kuichunga misuli. Akipata chakula, ananenepa tena. Lakini kansere inakula misuli pamoja na mafuta, na mara nyingi mwili unachoma nguvu nyingi hata mgonjwa akiwa amelala. Waganga wanaiita hali hiyo kakeksia.

Kwa hiyo chakula peke yake hakirudishi nyama zote. Si kosa la mama anayepika, wala si kosa la mgonjwa asiyemaliza sahani. Na mtu aliyekonda sana hastahimili vizuri operesheni wala dawa kali. Kila mwezi unaopotea katika kumtafuta mchawi unampunguzia nafasi ya kupona.

TUFANYE NINI?

1. Panda kwenye mizani kila mwezi na uandike kilo zako. Ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito katika miezi 6 bila kutaka, usingoje. Kwa mtu wa kilo 60, ni kilo 3 tu.

2. Nenda kituo cha afya, na ukitumwa hospitali kuu, nenda. Kukonda kunaweza pia kutoka kwa kifua kikuu, SIDA ao kisukari, na yote hayo yana matunzo. Mchimbaji anayekonda na kukohoa apimwe makohozi mapema.

3. Mgonjwa ale kidogo kidogo, mara nyingi: uji wenye unga wa karanga, mayai, maharagwe, ndakala, mafuta ya mawese. Msimlazimishe, msimgombeze. Atembee kidogo kila siku kadiri anavyoweza, maana kulala siku nzima kunazidi kumaliza misuli.

4. Tupa karanga na mahindi yenye ukungu. Humo mnaweza kuwa na sumu ya kweli, aflatoksini, ambayo pamoja na ugonjwa wa hepatiti B inaleta kansere ya ini. Watoto wapate chanjo zao zote. Ya hepatiti B imo.

5. Vumbi la mawe linaweza kuleta kansere ya mapafu. Mwagia mwamba maji unapotoboa, vaa maski, acha tumbaku.

Ndugu mfanyakazi, ukiona mkaba umeingia tundu jipya, usiulize nani amekuroga. Uliza mizani, kisha umuulize munganga. Jirani anaweza kusingiziwa, lakini mizani haimsingizii mtu.