Swali la mwanafunzi
Baadhi ya wanafunzi wa uhandisi wa majengo, kwa kazi ya mwisho wa masomo, huchagua jengo fulani na kulipima upya kwa hesabu zao. Je, ni zoezi tu?

Mwaka 1978 Diane Hartley, mwanafunzi wa Princeton, Marekani, alichunguza jengo la Citicorp la New York, lenye ghorofa 59. Hesabu zake zilionyesha kwamba upepo unaopiga pembeni, kwenye kona, unavielemea vyuma zaidi. Aliuliza, akajibiwa kwamba jengo ni imara. Mwaka uleule mhandisi wake, William LeMessurier, alirudia hesabu akaona hatari. Mafundi wakachomelea viungo usiku.

Vijana wetu, hesabu zisipokubaliana, ulizeni. Nasi wakubwa tusiharakishe kujibu.