Kamera ya Gari: Shilingi Zako Ziende Wapi?

Usalama wa Dereva wa Eastlands – Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulieleza wajibu wa dereva baada ya ajali. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamtaka asimame na ajitambulishe kwa anayehusika, na asipofanya hivyo aripoti kwa polisi ndani ya saa 24. Leo tunaingia katika swali linalofuata: ukishafika kituoni, utaonyesha nini?

Chukua mgongano wa kawaida pale Donholm, Barabara ya Jogoo inapokutana na Outering. Matatu inachomoka stejini na kukwaruza mlango wako wa kushoto. Kabla hujafungua mkanda, makanga ameshautangazia umati kwamba wewe ndiye uliyemfinya. Wengi waliojaa hapo hawakuona lolote, na walioona wana haraka ya kufika kazini. Magari yakishasogezwa ili barabara ifunguke, limebaki neno lako dhidi ya neno lake. Hapo kamera ndogo iliyobandikwa kiooni huwa shahidi asiyeondoka na asiyetishika. Urusi, ambako madereva wengi walianza kuzitumia kujikinga na walaghai wa bima, kamera hizi zilijulikana duniani kote tarehe 15 Februari 2013, ziliponasa kimondo kikipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk.

Mwenye kipato cha kadiri hahitaji kamera ya kifahari. Anahitaji kujua mahali ushahidi unapofia, apeleke pesa zake huko kwanza. Mahali penyewe ni patatu: kadi, joto na saa.

Tuanze na kadi ya kumbukumbu, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Kamera hurekodi vipande vya dakika moja hadi tano, na kadi ikijaa hufuta kipande cha zamani zaidi na kuandika kipya juu yake. Kadi ya GB 64 hubeba takriban saa tisa za video ya 1080p, halafu mzunguko unaanza upya, siku baada ya siku. Kadi ya kawaida ya simu haikuundwa kwa kazi hiyo, na huchoka bila kutoa ishara yoyote. Nunua iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Usisadiki maandishi ya juu tu, kwani ziko kadi bandia zilizoandikwa GB 128 na ndani zina GB 8. Ipeleke saiba yoyote mtaani kwako, waijaribu kwa programu ya H2testw. Programu hiyo huijaza kadi yote kisha huisoma tena, na uongo hujitokeza. Mimi ningeshauri robo ya bajeti yako iende kwenye kadi, hata kama itabidi uchukue kamera ya bei ya chini zaidi.

Sasa kamera yenyewe. Muuzaji wa Barabara ya Luthuli akikuambia ni 4K, muulize kihisi chake cha picha kinaitwaje. Picha ya 4K ina nukta zaidi ya milioni 8, ilhali kihisi kama IMX307 kina nukta milioni 2 tu, zinazotosha 1080p. Kamera ya namna hiyo ikidai 4K, inaitanua picha ndogo bila kuongeza chochote cha kusoma. Chukua 1080p ya kweli, uache 4K ya kubandikwa.

Hata hivyo, usitarajie miujiza usiku. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husonga zaidi ya mita 16 kila sekunde. Kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde hulikuta limesogea zaidi ya nusu mita kati ya picha moja na nyingine. Gizani kila picha huchukua muda mrefu zaidi kukusanya mwanga, kwa hiyo nambari ya usajili huvurugika. Dawa yake haina gharama: isome nambari kwa sauti papo hapo, ukitaja na rangi ya gari. Maikrofoni itaihifadhi pamoja na picha.

Kama pesa zinatosha kamera moja tu, iwe ya mbele. Wakazi wa Buruburu, Umoja na Komarock huenda mjini asubuhi wakielekea magharibi na kurudi jioni wakielekea mashariki, kwa hiyo safari zote mbili jua huwa mgongoni. Kamera ya mbele hupata mwanga mzuri, huku ya nyuma ikipigwa na jua usoni.

Joto nalo huua polepole. Kamera nyingi za bei nafuu zina betri ndogo ya lithiamu, na gari likishinda juani betri hiyo huvimba, kisha kamera hushindwa kufunga faili ya mwisho, ambayo huenda ndiyo ya ajali. Tafuta inayotumia kapasita badala ya betri. Ibandike nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, isizibe macho yako. Ukiliacha gari kwenye ploti, ing'oe uende nayo, kwani kamera inayoonekana humwalika mvunja kioo. Waya usipite mbele ya mfuko wa hewa ulio kwenye nguzo ya kioo.

Kuna mpangilio mmoja ambao barabara zetu zinaulazimisha. Kamera ina kihisi cha mtikiso kinachofunga kipande cha video kisifutwe pale gari linapogongwa. Matuta na mashimo ya mitaani huifanya idhani umegongwa, na baada ya muda kadi hujaa vipande vilivyofungwa. Weka kihisi hicho kiwango cha chini kabisa.

Kisha saa. Baadhi ya magari kutoka Japani hufika Mombasa na kamera yake kiooni. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, hivyo ajali ya saa mbili usiku itaandikwa saa nane usiku, tarehe ya kesho yake. Wakili wa upande wa pili katika Mahakama ya Makadara hatahitaji hoja nyingine. Rekebisha saa, na kama kamera haikubali, inunuliwe nyingine.

Ajali ikitokea, zima kamera, chomoa kadi, na usiirudishe. Kutuma video kwa WhatsApp huibana na kuipunguza ubora, kwa hiyo nakili faili yenyewe kwenye kompyuta na uhifadhi kadi ya asili. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinadai cheti kilichotiwa sahihi kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana. Andika mapema aina ya kamera, nani aliyechomoa kadi na saa ngapi. Usiitangaze video mitandaoni: Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hasa dereva wa teksi anayerekodi abiria wake, ambaye anapaswa kuwajulisha.

Mara moja kila mwezi, icheze video ya juzi kwenye kompyuta, uangalie kama saa ni sahihi na kama faili zote zinafunguka. Katika sehemu ya tatu tutaipeleka video hii pamoja na abstrakti ya polisi kwa kampuni ya bima, tukiongozwa na Sura ya 405 kuhusu madai ya mtu wa tatu.