Igizo Lisilo na Mgeni Rasmi

Ukihudhuria mahafali ya shule, iwe Kibakwe wilayani Mpwapwa au kwingineko nchini, ratiba unaijua kabla hujaisoma: risala, kwaya, ngonjera, igizo, kisha neno la mgeni rasmi. Igizo lenyewe mara nyingi ni la mimba za utotoni au ulevi. Baba anayumbayumba na chupa, watu wanavunjika mbavu, binti aliyeteleza anajuta, makofi. Wazazi wanafurahi, na furaha hiyo sina ugomvi nayo. Lakini kwa sisi tunaofundisha sanaa za maonyesho, faida kubwa ya maigizo kwa mtoto haipatikani siku ile. Inapatikana kwenye mazoezi, hasa yale ambayo hakuna anayekuja kuyatazama.

Chukua ngonjera. Mkoa wa Dodoma una haki ya kujivunia hapa, maana aliyeipa umaarufu ni Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera ziliingia karibu kila shule. Muundo wake unafahamika: mmoja hajui, mwenzake anajua, wanajibizana kwa beti mpaka asiyejua akubali. Inamzoesha mtoto kupaza sauti na kusimama mbele za watu, na hilo si dogo kwa mtoto anayeongea Kigogo nyumbani na kukutana na Kiswahili sanifu darasani. Ila jibu limeshaandikwa na mtu mzima kabla mtoto hajafungua kinywa. Anakariri uamuzi wa mwingine.

Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kinyume na desturi hiyo. Katika mradi wao wa TUSEME kwenye shule za sekondari, wasichana hawakupewa igizo la kukariri. Waliulizwa kwanza ni nini kinachowakwamisha masomoni. Wakazichambua kero zao, wakatunga igizo, wakalicheza, kisha ukafuata mjadala. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wanaelimu wa Afrika, liliueneza mpango huo katika nchi nyingine. Siri yake ni mhusika. Msichana asiyethubutu kumweleza mwalimu mkuu yanayompata njiani anaweza kuyasema kwa kinywa cha mhusika, na akiulizwa, aliyesema ni mhusika, si yeye. Kinga hiyo nyembamba inatosha kulitoa neno lililokuwa limekwama kooni.

Kwa upande wa masomo, mtafiti Ann Podlozny alikusanya tafiti 80 na kutoa matokeo yake mwaka 2000. Watoto walioigiza hadithi waliielewa na kuikumbuka vizuri zaidi, na uwezo huo ulionekana hata kwenye maandishi mapya ambayo hawakuyaigiza. Asikudanganye mtu, hata hivyo, kwamba maigizo huongeza akili za kila namna. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg wa Kanada aliwagawa watoto 144 wa miaka sita katika makundi. Waliosoma maigizo hawakuwazidi wenzao kwenye vipimo vya akili. Walikopiga hatua ni katika namna ya kuishi na watu. Mimi naona hiyo ni faida ya kutosha.

Tuseme mwalimu wa historia ana somo la Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, na mvua nayo kukataa. Anaweza kuandika ubaoni sababu nne na wanafunzi wakazinakili. Au awasimamishe watatu: mzee mwenye mtama kidogo ghalani, mama mwenye watoto, na karani wa jeshi anayetaka mizigo. Hakuna maneno ya kukariri. Baada ya dakika mbili hivi, mwalimu anasema, "Ganda!" Wote wanatulia walivyo. Anamgusa mzee bega: unawaza nini sasa hivi? Kisha wanabadilishana nafasi, na yule aliyekuwa karani akikunja uso sasa ndiye anayeomba kibaba kimoja. Mtoto aliyepita pande zote mbili hahitaji kukaririshwa sababu za njaa; amezitetea na kuzipinga kwa mdomo wake mwenyewe.

Tahadhari ipo, na walimu wengi huiruka. Usimpe mtoto aigize msiba wake mwenyewe. Aliyefiwa na mama asipewe nafasi ya yatima eti kwa sababu ataiweza. Hadithi iwe mbali naye kidogo, na zoezi likiisha kila mmoja atamke jina lake halisi, ajinyooshe, arudi kwenye dawati. Likitoka jambo zito, mfano kupigwa au kuguswa vibaya, hapo kazi ya igizo imekwisha; mwalimu wa malezi aitwe, na ikibidi, ustawi wa jamii. Maigizo si tiba ya mtoto aliyeumizwa.

Haya yote hayadai jukwaa, pazia wala vipaza sauti. Kwa hiyo, mwalimu mkuu unayesoma hapa, mahafali yajayo yakikaribia, usiwape watoto mada. Waulize wao wanataka kuigiza nini, wape kipindi kimoja kwa wiki walihangaikie igizo lao, na usikilize kabla ya kusahihisha.