Tezi Dume Haisubiri Aibu Iishe

"Sista, tangu jana usiku mkojo unakataa."

Kibofu cha mzee kilikuwa kimevimba hadi karibu na kitovu. Nilipomwekea mpira wa mkojo, mkojo mfukoni ulipita lita moja, naye akafumba macho: "Alhamdulillahi." Kisha akaninong'oneza: "Mwanangu, nisipasuliwe tu."

Hofu hiyo naikuta sana wodini. Wazee wanakumbuka wenzao waliochanwa chini ya kitovu wakalazwa siku nyingi. Lakini tezi dume inayokua kwa umri si saratani, na wengi hutibiwa bila kuchanwa ngozi.

Tezi hii imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kibofuni. Ikinenepa, huubana. Mtu huamka mara nne usiku, husimama chooni akisubiri, na mkojo hutoka kwa kudondoka. Dawa kama tamsulosini hulegeza misuli ya hapo, na wengi huwatosha. Zikishindwa, daktari hupitisha kifaa chembamba chenye kamera katika njia ileile ya mkojo. Kwa ganzi ya mgongoni, mzee anaweza kuwa macho. Waya wa umeme hukwangua nyama ya ndani kidogo kidogo, kama mtu anavyokuna nazi: nyama inatoka, kifuu kinabaki.

Baada ya hapo zamu ni yangu. Maji huingia na kutoka kwa mpira wa njia tatu. Mwanzoni huwa mekundu kama juisi ya rozela, kisha ya waridi. Yakitakata, mpira hutolewa, mara nyingi ndani ya siku 2 au 3. Wengi hubaki na nguvu zao za kiume, ila shahawa huweza kurudi kibofuni. Hili waambiwe mapema, wao na wake zao.

Ipo pia njia ya mvuke wa maji moto, Rezum, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015. Kila mchomo huchukua sekunde 9, na nyama husinyaa kwa wiki kadhaa. Ukubwa wa tezi husaidia kuamua njia ipi inafaa.

Kinachoniuma ni kuchelewa. Kibofu kilichotanuka muda mrefu hupoteza nguvu, na figo huweza kuharibika.

Mzee wangu alirudi kliniki baada ya wiki sita, ameongozana na rafiki yake wa barazani.

"Huyu naye halali usiku," akaniambia. "Nimemkataza kusubiri kama nilivyosubiri mimi."